Mkaguzi wa Fomu wa Panda

Hakuwa akisoma fomu kutoka juu kwenda chini kama watu wengine. Ukimpa karatasi, jicho lake liliruka jina lako, likaruka tarehe, likaruka namba ya kazi, likaenda kutua kwenye kisanduku kidogo cha upande wa kulia, mahali pa kuandika herufi moja tu. Hapo alikaa. Angeweza kukaa hapo kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Baadaye ndipo aliposoma mengine, kidole kikitembea polepole juu ya karatasi kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

Tulimwita Verifikateri, yaani mkaguzi. Wakubwa walimwita hivyo, wafagiaji vilevile, na wake wa wafanyakazi waliokuja kufuatilia unga wa mwezi. Nilifanya kazi naye miaka sita katika ofisi ya wafanyakazi ya karakana moja pale Panda, mjini Likasi, yeye mkaguzi wa fomu, mimi mpiga mashine. Jina lake sitalitaja. Sina hakika angependa litajwe, na mpaka leo sijui kama ninataka kumsifu au kumshitaki. Nimejaribu mara nyingi kumweka upande mmoja, lakini hakai.

Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alivaa shati jeupe ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya mara mbili. Alikuwa na penseli moja, nyekundu upande huu, bluu upande ule. Nyekundu ilikuwa ya kosa. Ya bluu sikuielewa kamwe. Wakati mwingine aliweka alama ya bluu kwenye fomu iliyo sawa, wakati mwingine kwenye fomu aliyoirudisha, na nilipomuuliza alisema, "Ile ni yangu."

Kitu kimoja alinifundisha vizuri, na hicho naweza kukieleza. Kila fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha hali ya mtu. M ilikuwa ya aliyeoa au aliyeolewa, C ya asiye na ndoa, V ya aliyefiwa. Watu wengi walidhani fomu iliyojazwa yote ndiyo fomu nzuri. Yeye aliwacheka. Mtu wa C akiandika jina la mke, hilo ni kosa, hata kama ameliandika kwa mwandiko wa kupendeza. Mtu wa M akiacha nafasi hiyo tupu, hilo pia ni kosa. Mstari ni uleule, nafasi ni ileile, na kanuni inageuka kwa sababu ya herufi moja iliyo mbali nao.

"Nafasi ya bule haina kosa," aliniambia wiki yangu ya kwanza, kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ambamo bule ni tupu, lettre ni herufi, na njo ni ndiyo. "Anza kuuliza lettre inasema nini. Lettre njo chef. Bengine bote banaifuata."

Leo ninaishi Lubumbashi, na kazi yangu ni kuandika kanuni ambazo kompyuta hutumia kukagua nyaraka za XML. Hizo ni nyaraka ambazo kila habari imefungwa ndani ya lebo yenye jina, na lebo inaweza kubeba sifa. Lebo ya mgonjwa ikiwa na sifa ya aina inayosema "mjamzito", ndani yake lazima iwepo tarehe ya kujifungua. Ikisema "mtoto", lazima uwepo uzito, na ile tarehe ikionekana, waraka umekosea. Wenzangu vijana huona jambo hili gumu, kwa kuwa kanuni za kawaida zinajua kusema "hiki lazima kiwepo", lakini hazijui kusema "hiki lazima kiwepo kama kile kinasema hivi". Inabidi kuandika kanuni nyingine juu ya ile ya kwanza, ambayo inaanza kwa kuuliza. Wananiuliza nilisomea wapi mambo haya hata yakaniingia haraka. Nawaambia nilisomea Likasi, kwa mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Wanafikiri ninafanya mzaha, nami naacha wafikiri hivyo, kwa sababu sehemu ya pili ya masomo yale sijui kuisimulia mbele ya watu wanaokunywa kahawa.

Mkaguzi alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote: hakuandika kitu kwenye fomu ya mtu. Alionyesha kosa, akarudisha. Hata kama kosa lilikuwa nukta, hata kama mwenye fomu alikuwa mzee asiyeona vizuri, penseli yake haikuingia kisandukuni. Kwa ajili hiyo watu wengi walimchukia.

Nakumbuka mwanamke mmoja aliyekuja kutoka Kakontwe. Mume wake alikuwa amefunikwa na mawe kwenye machimbo ya chokaa, na mwili ulikuwa haujatolewa. Alikuja kuomba unga wa watoto. Fomu yake ilisema M, na fomu ya M ilitaka sahihi ya mume. Mkaguzi aliirudisha. Siku ya tatu yule mama akarudi na fomu ileile, miguu yake myeupe kwa vumbi la chokaa. Mkaguzi akairudisha tena. Sikuweza kuvumilia.

"Papa, juu ya nini unamurudisha? Anatembea na miguu toka Kakontwe!"

"Mi simurudishe," alisema. "Karatasi njo inamurudisha."

Kisha akamgeukia yule mama na kusema kwa upole, sauti ambayo sikujua kwamba anayo: "Mama, badilisha lettre moja tu. Hapa, weka V. Ukiweka V, hatuulize tena signature ya bwana. Unapata unga leo."

Yule mama akaitazama kalamu kama mtu anayeonyeshwa nyoka. "V ni ya nini?"

"Ya muntu mwenye alifiwa."

"Bwana yangu hakufa! Muliona maiti yake?"

Mkaguzi alivuta kiti chake mwenyewe, akampa akae, akasimama yeye. Walikaa hivyo asubuhi nzima, mama ameshika kalamu, mkaguzi amesimama karibu naye mikono nyuma, fomu za watu wengine zikirundikana mezani. Karibu na saa sita yule mama akaandika V. Aliiandika kubwa mno, ikavuka mistari ya kisanduku. Kisha akalia kilio cha msiba, pale ofisini, kilio ambacho nadhani hakuwa amekilia tangu mawe yalipoanguka. Wanawake waliokuwa wakingoja nje waliingia wakamshika, wakalia naye. Alipata unga siku ile.

Nilipoenda nyumbani nilimsimulia mama yangu. Mama akasema yule mkaguzi alikuwa na moyo wa chuma. Angeandika ile V mwenyewe na kumwacha mjane aende na unga wake. Baba akasema hapana, alifanya vizuri, kwani hakuna anayeweza kumwandikia mtu kifo cha mume wake. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia baba akimtetea.

Lakini nje ya karatasi mtu huyu alikuwa mwingine kabisa. Nyumbani kwake hakukuwa na saa. Alichelewa harusini, alichelewa msibani, na siku moja alifika kwenye ubatizo wa mjukuu wake watu wakiwa wanaosha sahani. Umri wake alimwambia kila mtu tofauti. Kwangu alikuwa na hamsini na mbili, kwa muuguzi wa zahanati alikuwa na arobaini na nane, na pasta wetu aliapa kwamba aliambiwa sitini. Watu wanaposema uongo huwa wanataka kitu. Yeye sijui alitaka nini.

Tulisali kanisa moja, kanisa la ngoma na la kunena kwa lugha. Wakati wa ushuhuda watu walisimama mmoja mmoja kueleza Mungu alivyowaponya. Mkaguzi hakusimama hata mara moja. Lakini ushuhuda ukiisha, ungemwona anamfuata mtu nje na kumuuliza kwa makini: homa ilianza siku gani, dawa ulimeza au hukumeza, uliombewa kabla au baada? Watu walikasirika. Pasta alimwita akamwambia imani si fomu. Alijibu, "Ndiyo, pasta," na Jumapili iliyofuata akarudia. Hata hivyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia wakati wa maombi, na alilia kweli, machozi yakidondoka kwenye ile kola iliyogeuzwa.

Alipenda bukari, ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wakavu wenye chumvi, na alikula kwa haraka kama askari. Kila mchana alimega tonge moja akaliweka dirishani kwa ajili ya kunguru. Nilimuuliza kama ni kunguru mmoja kila siku au ni kunguru tofauti. Akafikiri sana. "Sijaikaguaka ile," akasema, na akaonekana amehuzunika.

Mambo yalianza kuharibika taratibu, kisha yakaharibika kwa mkupuo. Wanajeshi walipora maduka mjini, na baada ya hapo karatasi mpya hazikuja tena. Nilipiga fomu nyuma ya mipango ya zamani ya uzalishaji. Upande mmoja shaba ambayo ingetoka, upande mwingine watu wanaoomba unga. Utepe wa mashine ulipauka hadi ukawa kijivu. Simu ilikufa. Mpiga mashine mwenzangu aliacha kazi akaenda kuuza viazi vitamu sokoni, nikabaki peke yangu. Kila fomu iliyotoka ofisi ile ilipitia vidole vyangu: mtu aliniletea maelezo yake kwa mkono, mimi nikapiga, naye akatia sahihi, ndipo ikaenda kwa mkaguzi.

Kisha kikaja kisanduku kipya.

Kilikuja na fomu mpya, kutoka wapi sijui. Kila aliyeulizwa alisema imetoka juu. Kisanduku kilikuwa cha asili ya mtu. O ilikuwa ya mtu aliyehesabiwa kuwa wa Katanga. N ilikuwa ya asiyehesabiwa. Mtu wa O aliacha ukurasa wa pili mtupu, na asipouacha mtupu lilikuwa kosa. Mtu wa N alitakiwa kuujaza wote: watoto mmoja mmoja, siku ya kurudisha ufunguo wa nyumba ya kampuni, kituo cha treni atakaposhuka huko Kasai.

Ninyi mliosoma habari za nchi yetu mnajua miaka ile. Watu waliozaliwa Likasi, ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba, ambao hawakuwahi kuiona Kasai hata kwa picha, waliambiwa warudi kwao. Vijana walipita mitaani wakiimba. Nyumba zilipigwa mawe. Familia zikahamia kituo cha treni na magodoro yao, zikalala juu ya changarawe kungoja treni ambazo hazikuwa na siku.

Baba yangu alikuwa mtu wa Kasai. Mama yangu ni wa hapa, kijiji chake hakiko mbali na Likasi. Mimi nilipiga N ya baba yangu kwa kidole changu mwenyewe.

Mkaguzi aliposhika zile fomu za kwanza alikaa kwenye kile kisanduku muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimuuliza, "Papa, na yako? Uliweka lettre gani?" Kwa maana hakuna aliyejua alikotoka. Wengine walisema Kasenga, wengine Zambia, wengine walisema ana jina la Kasai alilolificha.

"Yangu atakaguaka mwingine," alisema.

Baadaye niliiona fomu yake kwenye faili. Kile kisanduku kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kumrudishia.

Ndipo alipoanza kurudisha fomu za N. Alizirudisha kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona: tarehe imeandikwa vibaya, kituo cha kushukia hakiko kwenye reli, jina la mtoto lina herufi mbili hapa na tatu kule. Bila fomu yenye alama yake hapakuwa na nafasi kwenye treni, na bila nafasi kwenye treni hakuna aliyeweza kukudai ufunguo wa nyumba. Kwa hiyo wapo waliobaki ndani ya nyumba zao wiki tatu zaidi, wiki nne, mpaka hasira za mitaani zikapoa kidogo. Wapo waliombariki kimyakimya. Na wapo waliokuwa tayari wamefukuzwa na mawe, wamekaa kituoni kwenye mvua, wanachotaka ni kuondoka tu, naye aliwarudisha pia. Sikuona tofauti aliyoiweka kati ya hawa na wale. Niliitafuta. Nilizipanga zile fomu juu ya meza, nikajaribu kuona kanuni yake iliyofichika. Sikuipata.

Fomu ya baba aliirudisha mara nne. Mara ya nne akaniita.

"Mademoiselle, papa yako iko N. Mama yako iko O. Ukurasa wa pili inafaa ikuwe mujaa, na inafaa ikuwe bule. Fomu haijue nyumba kama ya kwenu."

"Sasa tufanye nini?"

"Nitaandika barua. Niulize kule juu."

Aliandika barua kweli, mimi ndiye niliyeipiga. Jibu halikuja kamwe. Na kwa sababu halikuja, hatukuwa watu wa kuondoka wala watu wa kubaki. Kwa kuogopa mawe tulihamia kwa kaka yake mama, baba akajificha kwenye chumba cha nyuma, yeye aliyesimamia tanuru miaka ishirini na tano.

Baba hakutaka kubaki. Hilo watu hawalielewi ninapowasimulia. Kaka zake wote wawili walikuwa wamepata treni.

"Ule muntu ananifunga hapa kama mbuzi," alisema. "Bandugu yangu banaenda. Mi nabakia na nani?"

"Na sisi, baba," nilisema.

Alinitazama, akageuza uso kuelekea ukutani.

Kaka yake mkubwa alikufa njiani, ndani ya behewa la mizigo, kabla ya kufika. Tulipata habari baada ya miezi. Baba alisema kama angekuwepo angemshika mkono. Mama alisema kama angekuwepo wangekufa wawili. Tangu siku ile mama alipiga marufuku jina la mkaguzi nyumbani mwetu, si kwa sababu alikuwa na hakika amekosa, bali kwa sababu kila lilipotajwa baba aliacha kula.

Na kulikuwa na jirani yetu, Mama Tshala. Mume wake alikuwa dereva wa garimoshi dogo la karakana. Walikuwa na watoto sita, wa mwisho msichana wa miezi minne. Mawe yalivunja madirisha yao yote siku moja, wakakimbilia kituoni. Fomu yao mkaguzi aliirudisha asubuhi ileile ambayo treni iliondoka. Waliposahihisha kwa kalamu, treni ilikuwa imekwenda. Walingoja nyingine wiki mbili chini ya turubai, na surua ikapita pale kituoni, ikamchukua yule msichana mdogo. Nilienda kwenye maziko. Mama Tshala alinishika mabega mbele ya watu na kusema, "Umuambie Verifikateri wako: mutoto amesharudi kwao."

Sikumwambia. Jumatatu niliingia ofisini, nikakaa kwenye mashine yangu, nikampa mgongo. Kwa mwaka mzima uliofuata nilisema naye maneno ya kazi peke yake. Yeye hakuuliza kwa nini. Kisha ofisi ikafungwa, na mimi nikaenda Lubumbashi kwa shangazi kujifunza kompyuta.

Nilimwona tena mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokwenda Likasi kumzika baba. Siku ya nne baada ya maziko nilitoka nyumbani bila kumwambia mama, nikapanda baiskeli ya kukodi mpaka njia ya Buluo, ambako niliambiwa anaishi na binti yake.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba ya matofali mabichi, kando ya barabara inayokwenda gereza. Kichwa kilikuwa cheupe chote. Mwanamke mmoja alikuwa amechutama mbele yake na karatasi, ruhusa ya kumwona mume wake gerezani. Mkaguzi aliisoma, akatoa kalamu, akaandika kitu humo ndani kwa mkono wake, akampa. "Enda, mama. Kwa mulango hawatakurudisha."

Nilisimama nikiwa nimeshika baiskeli. "Papa, siku hizi unaandika?"

Alinitambua kwa sauti. "Mademoiselle." Akacheka. "Pale kwa gereza banarudishaka bantu bule bule. Ni mbali, na jua iko mukali."

Binti yake alileta kiti na maji. Nilimwambia baba amefariki. Alivua kofia, akaishika magotini.

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno mawili, asante na laana, na sikujua lipi lingetoka. Likatoka swali. "Papa, fomu ya baba uliirudisha mara nne. Ulikuwa unamuficha? Ulikuwa unatusaidia?"

Alichukua muda wake wa zamani, ule wa kikombe cha chai.

"Hapana," alisema. "Sitasema bongo, sitakudanganya mbele ya msiba. Ulikuwa mupiga mashine moja tu mwenye alibakia. Papa yako akienda, na weye unaenda. Nani angepiga fomu? Nilikuwa nakutaka kwa kazi. Njo ile tu."

Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Uhai wa baba, miaka yake yote mitano ya ziada, machozi yake ukutani, vyote kwa sababu ya mashine ya kupigia chapa.

"Na barua?"

"Barua nilituma. Lakini nilijua hawatajibu."

"Na ya Mama Tshala?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, binti yake akachungulia mlangoni. "Ile nayo ulikuwa unataka nini?"

"Ile sikutaka kitu. Nilitaka baende. Ile ilikuwa na kosa kweli."

"Kosa gani la kumuua mutoto?"

"Hesabu ya batoto. Ukurasa ya kwanza inasema sita. Ukurasa ya pili majina iko tano. Kwa kituo banahesabia majina. Nilisema, wakipanda hivi, kamoja watakakataa kwa mulango ya treni, kabakie peke yake hapo inje. Nilirudisha juu ya ile."

"Mume wake alijua kuandika. Aliwezaje kumsahau mutoto wake?"

Mkaguzi alikuwa akiigeuza kofia yake polepole, akilitazama pindo lake.

Ndipo nilipoelewa. Maelezo ya mkono yalikuja kwangu na majina sita, na mashine ilikuwa yangu. Siku zile nilipiga fomu arobaini kwa siku nikiwa nalia, na utepe ulikuwa kijivu hata sikuweza kuona nilichoruka. Aliyerukwa alikuwa wa mwisho, yule wa miezi minne.

"Ni mimi," nilisema.

"Ni mashine," alisema haraka. "Ni mashine, Mademoiselle. Ribbon ilikuwa mubaya."

"Ulijua. Mwaka mzima nilikupa mgongo, na ulijua."

"Ulikuwa unapiga vizuri kupita bote," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua binti yake alileta bukari na sombe, yaani kisamvu, na najua nilikula, kwa sababu nakumbuka nilishangaa kwamba ninaweza kula. Sijui hata sasa kama aliyoniambia yalikuwa kweli. Mtu aliyesema uongo kuhusu umri wake kwa kila aliyemuuliza anaweza kusema uongo kwamba hakututendea wema. Labda alikuwa hataki kushukuriwa. Labda alikuwa na haya. Au labda ilikuwa hivyohivyo alivyosema: alituokoa kwa ubinafsi, na akamchelewesha mtoto wa watu kwa nia nzuri na kwa kosa langu. Nimeipindua habari hii kila upande kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila ninapodhani nimeishika, sehemu moja inachomoka.

Alinisindikiza mpaka barabarani, akitembea taratibu, mkono mmoja juu ya tandiko la baiskeli.

"Umuambie mama yako pole," alisema. "Usimuambie ni mimi."

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa kanisa niliporudi. Nilichutama karibu naye, nikamwambia sikioni kwamba kuna mtu amemtumia pole.

"Nani?"

"Muntu tulifanyaka naye kazi."

Mama alinitazama sana usoni, na nadhani aliona, maana mama huona. Lakini hakuuliza tena. Alivuta kitenge chake begani na kusema kwa sauti, wanawake wote wakasikia, "Basi, Mungu amubariki ule muntu."

Wote wakasema amina. Nami nikasema amina, na nilipoisema sikujua ninaisema kwa ajili ya nani.